Kobe Ameacha Kununua

Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, kabla chai haijapita mezani, msajili wa hisa alituma daftari la wanahisa wa kiwanda cha chupa, na mwanamke aliyelipokea alikuwa ameshakaa nusu saa nzima akilisubiri. Wenzake walimwita Bi Daftari. Kazi yake ilikuwa kulisoma mstari kwa mstari, kulilinganisha na la wiki iliyotangulia, kisha kumwandikia mkurugenzi wa fedha ukurasa mmoja: nani kati ya wakubwa kanunua, nani kauza, na huenda ni kwa nini. Watu binafsi wenye hisa mia au hamsini walikuwa maelfu; hao hakuwagusa. Aliowafuatilia walikuwa kama thelathini tu: mifuko ya pensheni, kampuni za bima, benki, na mifuko ya uwekezaji ya ng'ambo, ambayo haikuandikwa kwa jina lake bali kwa jina la benki inayoitunzia hisa, hata kumjua mwenyewe ikawa kama kumtambua mtu kwa kivuli chake ukutani.

Alikuwa hodari. Miaka kumi na minne katika chumba kile cha ghorofa ya tatu, chenye dirisha linalotazama rundo la vioo vilivyovunjika vikingoja kuyeyushwa upya, ilimfundisha kwamba taasisi nazo zina tabia kama watu. Kuna kampuni ya bima iliyouza kila bei ilipopanda kidogo, kama mtoto asiyeweza kukaa na peremende mfukoni. Kuna mfuko wa ng'ambo ulioingia kwa kishindo na kutoka kwa kishindo. Na kulikuwa na mstari wa saba, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi.

Mstari huo ndio aliouangalia kwanza kila wiki, na sababu yake hakumwambia mtu pale ofisini.

Aliyeamua manunuzi ya mfuko ule alikuwa dada yake, mtoto wa kwanza wa mama yao, naye Bi Daftari ndiye kitinda mimba. Madalali wa soko la hisa walimwita Kobe. Jina lilianza kama kejeli, likaishia kuwa heshima, maana usione kobe kainama, anatunga sheria. Habari mbaya zikitoka na wenzake wakakimbilia mlangoni, Kobe alianza kununua, kidogo kidogo, wiki nane, wiki kumi. Na siku wale wengine waliporudi mbio, yeye alikuwa ameshamaliza na kunyamaza. Tena hakununua namba kamili hata siku moja. Wiki hii hisa elfu arobaini na moja mia saba na thelathini, wiki ijayo elfu thelathini na nane na ushee. "Ukiagiza laki nzima, soko zima linageuza shingo," aliwahi kumwambia mdogo wake.

Hayo yalisemwa zamani. Sasa ulikuwa mwaka wa saba hawajasemezana.

Mama yao alifariki Bi Daftari akiwa na miaka tisa, dada yake ishirini. Baba alikuwa ameshakwenda zake bila kuacha anwani. Dada aliacha chuo, akaomba ukarani katika mfuko wa pensheni, na kwa mshahara ule wakapanga chumba kimoja chenye vitanda viwili na meza moja. Juu ya meza hiyo, baada ya kazi za shule, dada alikuwa akitandaza gazeti la ofisini kwenye ukurasa wa bei za hisa. "Huyu kapanda, huyu kashuka," alimwambia. "Sasa niambie, nani anajua jambo ambalo sisi hatulijui?" Mtoto alikisia, dada akacheka, kesho yake wakaangalia kama amepatia. Bi Daftari alipata riziki yake kutokana na mchezo ule. Alisoma, akaajiriwa kiwandani, akaolewa. Na dada naye, kwa kupanda ngazi moja moja, akawa mkuu wa uwekezaji pale pale alipoanzia ukarani.

Walichogombania kilikuwa sentensi moja. Jumapili moja walikuwa wanakula mchana nyumbani kwa dada. Bi Daftari alikuwa amechoka, na mchovu ulimi wake hauna mlinzi. Akasema, "Tanuri la pili limepasuka. Robo hii ya mwaka tutalia."

Dada aliweka kijiko chini. "Limetangazwa hilo?"

"Bado. Wiki ijayo."

"Basi hukupaswa kuniambia."

Wakaendelea kula. Bi Daftari alidhani yameisha. Kesho yake dada alijaza fomu ya mfuko, kwamba amesikia habari ambayo soko halijaisikia, na kwa hiyo hatagusa hisa za kiwanda cha chupa mpaka itangazwe. Fomu iliuliza amesikia kutoka kwa nani. Akaandika jina la mdogo wake.

Barua kutoka kwenye mfuko ilifika kiwandani. Bi Daftari aliitwa mbele ya watu watatu, akapewa onyo la maandishi, na ukuu wa kitengo aliokuwa anausubiri akapewa mtu kutoka nje. Jioni ile alikwenda kwa dada yake bila hata kuvua kitambulisho cha kazi shingoni.

"Ungeweza kunyamaza," alimwambia.

"Ningeweza. Halafu ningekuwa mtu gani?"

"Ungekuwa dada yangu."

"Nilikuwa dada yako wakati naandika. Na bado niliandika."

Hapo ndipo Bi Daftari aliposema neno ambalo hakuweza tena kulirudisha. "Unajifanya umenilea. Wewe si mama yangu. Hujawahi kuwa."

Dada aliinuka. Alikwenda akafungua mlango, akausimamia akiwa ameushika kitasa, mpaka mdogo wake akatoka.

Tangazo la tanuri lilipotoka, bei ilianguka kwa karibu robo. Jumatatu iliyofuata Bi Daftari alifungua daftari akiwa bado na donge rohoni, akaukuta mstari wa saba umeongezeka: hisa elfu arobaini na moja mia saba na thelathini. Wiki ya pili ukaongezeka tena. Wiki kumi na moja mfululizo, wengine wakiuza, dada yake alinunua kiwanda ambacho mdogo wake anafanyia kazi. Bi Daftari alijiambia kwamba hiyo ni biashara tu. Lakini kila Jumatatu alianza kufika mapema zaidi.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita. Walionana mara moja tu, kwenye msiba wa binamu, mmoja akikaa upande huu na mwingine upande ule, na watu wengi katikati. Mume wa Bi Daftari, mwalimu wa hesabu asiyependa maneno mengi, alimwambia mara nyingi, "Mpigie simu mwenzio." Naye alimjibu, "Nitampigia." Kisha Jumatatu ikafika, mstari wa saba ukawa umesogea kidogo, au haukusogea, naye akatosheka, kama mtu mwenye njaa anayetosheka na harufu inayotoka jikoni kwa jirani.

Mwaka huu kiwanda kilizima tanuri kubwa kwa matengenezo ya miezi mitatu. Ilikuwa kazi ya lazima na ilitangazwa mapema, lakini mifuko ya ng'ambo iliuza kama kawaida yake, na bei ikateremka. Bi Daftari hakuhangaika. Alimwandikia mkurugenzi kwamba mfuko wa pensheni huenda utaanza kununua ndani ya wiki mbili.

Wiki ya pili mfuko wa pensheni uliuza. Hisa laki nne kamili, kwa mkupuo mmoja.

Alidhani msajili amekosea. Akampigia, msajili akaangalia, akasema namba ni sahihi. Jumatatu iliyofuata, laki nne nyingine. Bei ikaporomoka, na kabla ya saa nne mkurugenzi wa fedha alikuwa amesimama mlangoni kwake, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Uliniambia hawa watanunua."

"Nilikuambia."

"Sasa wanatuchinja. Wapigie uwaulize."

Kwa miaka saba simu za mfuko ule alikuwa akizipiga mwenzake wa meza ya pili, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Siku hiyo mwenzake alikuwa likizo. Bi Daftari alishika mkono wa simu, akauweka chini, akaushika tena. Alikuwa ameshatayarisha maneno ya kuanzia. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mwanamume.

"Namtafuta mkuu wa uwekezaji," alisema.

"Unaongea naye."

"Namaanisha... yule mama."

"Aa, yule bibi. Aliondoka mwisho wa robo iliyopita. Kastaafu." Mtu yule alikuwa mchangamfu na mwenye haraka. "Sisi siku hizi tunafuata mfumo. Kompyuta inapanga kampuni zote kwa alama, zile za chini tunapunguza. Hatukai tena kubuni buni."

Bi Daftari aliuliza maswali ya kazi, akaandika majibu, akashukuru. Kisha akakaa, kalamu mkononi. Dada yake alikuwa amestaafu miezi miwili iliyopita. Jumatatu sita alikuwa ameutazama mstari ule, umetulia bila kusogea, naye akawaza, amepumzika, anatafakari. Na kumbe hapakuwa na mtu.

Alichukua faili akashuka nalo ngazi mpaka ghala la makaratasi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akienda asubuhi, akasimama kati ya rafu mpaka uso ukakauka. Alipopanda tena aliandika ukurasa wake. "Mfuko wa pensheni umebadilisha mkono. Mkono mpya utauza vipande vilivyo sawa mpaka hisa ziishe, wiki tisa zaidi. Tusiupigie magoti. Tutafute kampuni mbili za bima za kuchukua nafasi yake, na tuwapeleke wakalione tanuri jipya kwa macho yao."

Mkurugenzi alisoma mara mbili. "Umejuaje mkono umebadilika?"

"Ninaujua ule wa zamani," alisema Bi Daftari.

Jumamosi asubuhi alivaa viatu vya kutembelea, akamwambia mumewe anakokwenda. Mume aliacha kusahihisha madaftari. "Nikusindikize?" Akasema hapana.

Nyumba ya dada ilikuwa ile ile, ila lango lilikuwa wazi na ukumbini pamejaa maboksi. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya magazeti ya zamani, akifunga glasi moja moja. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Bi Daftari alivyomkumbuka, au labda kigoda ndicho kilikuwa kifupi.

"Shikamoo, dada."

Dada alimaliza kufunga glasi aliyokuwa nayo, akaiingiza kwenye boksi. Ilichukua muda.

"Marahaba. Nani kakuambia naondoka?"

"Sikujua kama unaondoka. Nimeona mfuko unauza."

"Unauza kiasi gani?"

"Laki nne. Kisha laki nne."

"Kamili?"

"Kamili."

Dada alisonya. "Hawana haya. Ningekuwa na fimbo." Kisha akasogeza boksi kwa mguu ili mgeni apate pa kukaa, akamrushia gazeti. "Sahani zile bado."

Wakafunga sahani. Bi Daftari alikuwa amekuja na maneno mengi, yote yakamkwama. Lililotoka lilikuwa la kitoto.

"Nilikuwa nakuona kila Jumatatu."

"Ulikuwa unauona mfuko."

"Ulikuwa unanunua kila tukipata shida. Nilidhani ni namna yako ya kunisalimia."

Dada aliinua uso, akamtazama juu ya miwani, kwa mshangao wa kweli. "Zile ni pesa za wafagiaji na makarani na manesi. Nizitumie kutumia watu salamu? Ningefungwa, na ingekuwa haki yangu." Alitikisa kichwa. "Nilinunua kwa sababu kiwanda ni kizuri na bei ilikuwa chini ya thamani yake. Ingekuwa kinyume chake ningeuza, na wewe ukiwa umekaa humo humo ndani."

Bi Daftari aliona aibu imempanda mpaka masikioni. Miaka saba alikuwa akipokea salamu ambazo hazikutumwa. Alikunja gazeti juu ya sahani, kona moja, kona ya pili.

"Kwa hiyo hata siku moja hukunifikiria."

"Hilo nalo ni jambo jingine," dada alisema. "Kukufikiria hakukuwa na siku maalumu."

Dada alichukua sahani nyingine. Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo kwenye bati, anapiga, anapumzika, anapiga.

"Nilikuja siku moja," dada alisema. "Mkutano mkuu wa wanahisa, mwaka wa tatu tangu tugombane. Kila mwaka nilikuwa namtuma mwakilishi, mwaka ule nikaja mwenyewe. Nikakaa safu ya nyuma kabisa. Ulikuwa unagawa makabrasha mlangoni kwa upande wa pili. Ulikuwa umekonda."

Bi Daftari aliukumbuka mkutano ule. Jioni yake alikuwa amepitia orodha ya mahudhurio, akaona mfuko wa pensheni umeandikwa "mwakilishi mmoja", akaweka alama ya vema na kuendelea. "Mbona hukunisemesha?"

"Ulikuwa kazini."

"Dada."

"Niliogopa," dada alisema, kwa sauti ile ile ya kawaida. "Niliogopa utaniita kwa cheo changu mbele za watu."

Bi Daftari aliweka sahani chini. "Neno lile nililosema, la mama. Nilikosea. Nimekuwa nikilisikia kila siku."

"Ulisema kweli. Sikuwa mama yako. Nilikuwa na miaka ishirini, sijui hata kusuka nywele. Ulikwenda shule mwezi mzima na kichwa kama kiota cha ndege, mpaka jirani akanionea huruma akanifundisha." Alijaribu kucheka, kicheko kikakatikia njiani. "Lakini ukweli nao una namna ya kusemwa. Na mimi ile fomu ningeijaza tena leo. Ila ningekuja kukuambia kwanza, kabla barua haijakufikia. Hilo ndilo kosa langu, na nililijua siku ile ile."

"Ungekuja ungeniambia nini?"

"Kwamba nimekuandika. Kisha ningekaa unitukane mpaka uchoke."

Bi Daftari alitaka kumkumbatia, lakini katikati yao kulikuwa na boksi la vyombo, na wote wawili hawakuwa watu wa kukumbatiana. Alinyoosha mkono akamtoa dada yake kipande cha gazeti kilichonasa kwenye nywele. Mkono ukabaki pale kidogo.

Kisha akauliza maboksi yanakwenda wapi. Dada alikuwa anasafiri Jumatano kwenda kwa binti yake, nchi ya mbali, ambako kulikuwa na mapacha wa miezi mitano na mama yao anarudi kazini. Nyumba wanaingia wapangaji.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka watoto waanze shule."

Miaka mitano, basi, au sita. Bi Daftari alipiga hesabu kimya kimya na hakuisema. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Aliomba ruhusa kazini, na Jumatatu ile daftari lilifika bila yeye kuwepo kulipokea, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Siku hizo nne walifunga vyombo, wakagombana kuhusu nini kiende na nini kibaki, wakala chakula cha kununua juu ya maboksi, na dada alilala mchana kwenye godoro lisilo na shuka huku mdogo wake akimtazama. Hawakuyarudia tena ya zamani. Muda haukutosha hata kwa ya sasa. Jumatano saa sita mchana, kwenye lango la abiria uwanja wa ndege, dada alimkabidhi funguo za nyumba, akamwambia bomba la bafuni linavuja, akageuka. Alitembea taratibu kama jina lake, begi likiviringika nyuma, na hakutazama nyuma hata mara moja. Bi Daftari alisimama pale mpaka lango likafungwa kwa abiria wa ndege nyingine.

Mfuko wa pensheni uliuza mpaka hisa zikaisha, wiki ya tisa kama alivyokadiria. Kampuni moja ya bima ilikuja kuliona tanuri, ikanunua nusu ya kilichouzwa. Nusu nyingine ikatawanyika kwa watu wadogo. Kiwanda hakikufa. Mstari wa saba alipewa mwanahisa mwingine, na Bi Daftari akaujua upya kama alivyomjua mwingine yeyote, kwa tabia zake, bila moyo kumwenda mbio. Alishangaa jinsi Jumatatu ilivyokuwa siku ndefu sasa. Simu za dada zilikuja Jumapili mchana, kwa kelele za watoto, dakika kumi, kumi na mbili. Mara pacha mmoja analia, mara laini inakatika. Kila simu ilipoisha alikumbuka jambo alilosahau kusema, na jambo hilo lilikuwa na umri wa miaka minne au mitano.

Mwezi wa ripoti ya mwaka ulipokaribia alimwomba mkurugenzi likizo ya wiki tatu. Mkurugenzi alimwambia mwezi ule hakuna anayechukua likizo. Alijibu kwamba analijua hilo, ila tiketi ameshakata.

Jumapili ile alimwambia dada kwamba anakuja.

"Una koti zito?" dada aliuliza. "Huku kuna baridi ya kukata masikio."

"Sina."

"Basi nitakununulia kabla hujaja. Mabega yako ni yale yale?"

"Nimenenepa kidogo, dada."

"Jipime unitajie."

Mumewe akaleta utepe wa kupimia nguo kutoka kabatini. Bi Daftari alisimama katikati ya sebule, simu sikioni, mume akimpima mabega, kifua, urefu wa mkono, naye akimsomea dada namba moja baada ya nyingine, taratibu, akisubiri kila moja iandikwe kabla ya kusema inayofuata, ili maongezi yasiishe haraka.